Bunduki haijifyatui yenyewe, waitu!

(Mada hii niliitoa Jumapili moja baada ya misa, kwenye kijiwe cha bodaboda cha Kagondo. Mhariri kaniomba niiandike kama nilivyoisema. Nimeondoa matusi tu.)

Ndugu zangu vijana wa Kagondo hii ya Manispaa ya Bukoba, na ninyi mliopanda kutoka Kagondo ya kule Muleba yenye hospitali! Na wewe uliyenunua gazeti hili stendi, unasoma ukiwa umeegemea tangi la pikipiki, nawe nakuhesabu kuwa umekaa hapa na sisi.

Mimi si mwanasheria. Nina cheti cha kidato cha nne, kalamu na simu iliyopasuka kioo. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu nikiwa mtoto, na leo nalitema.

Nilikuwa darasa la sita. Tulipanda basi, mimi na mama, tukienda msibani Kahama. Wakubwa mnakumbuka enzi zile. Baada ya vita za jirani na wimbi la wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, silaha zilizagaa mkoa huu, na mapori ya Kasindaga na Biharamulo yakawa hayapitiki bila askari ndani ya basi. Basi letu nalo lilipewa askari. Kijana tu, labda miaka 23. Alikaa siti ya upande wa pili, SMG kaibana katikati ya magoti, na kabla hatujafika mbali usingizi ukamchukua. Kila dereva alipokata kona ule mtutu ulizunguka kama feni. Mara unatazama darini, mara unamtazama kondakta, mara unatazama paji la uso la mama yangu.

Abiria wote tuliona, hakuna aliyesema. Nani amwamshe mwenye bunduki? Mpaka mzee mmoja, aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, akainuka taratibu, akamshika bega.

"Afande, mwanangu, samahani. Hiyo umeifunga?"

"Imefungwa, mzee."

"Hebu itazame tena."

Askari akaitazama. Kimya. Halafu nikasikia chuma kinalia "kaa!" Mzee akarudi kwenye siti yake, hakuongeza neno. Askari akavuta kofia ikamfunika macho, na safari ikaendelea.

Ile "kaa" nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima, nilipoelezwa na mtu aliyepitia jeshini. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mada yangu.

SMG, hiyo ambayo dunia nzima inaiita AK, pamoja na ndugu zake wa Kichina, ina kiwiko kirefu cha bati upande wa kulia. Kikiwa juu kabisa, imefungwa. Ukikishusha hatua moja kikafika katikati, bunduki inamwaga mfululizo: ukishika triga, haikomi mpaka uachie au magazini ya risasi 30 iishe. Ukikishusha hatua ya pili, chini kabisa, inatoa moja moja. Sasa ili risasi imtoke askari na kumwingia raia, hesabu na vidole vyako: lazima kuwe na magazini yenye risasi, lazima mtu aikoki ili risasi iingie chemba, lazima kiwiko kishushwe, lazima mtutu uwe umeelekezwa mahali alipo binadamu, na lazima kidole kiingie ndani ya duara la triga na kuvuta. Mambo matano! Na kila moja lina mkono wa mtu.

Kwa hiyo ukisikia bwana mkubwa anawaambia waandishi kuwa risasi "ilifyatuka kwa bahati mbaya", muulize kwa adabu: katika hayo matano, bahati mbaya ilikuwa lipi? Aliikoki kwa bahati mbaya? Akashusha kiwiko kwa bahati mbaya? Akaelekeza kwa bahati mbaya? Ipo kweli bunduki kuukuu, mbovu, ambayo ikianguka sakafuni inaweza kulipuka yenyewe. Lakini hapo napo swali halifi, linahama tu kutoka kwa askari kwenda kwa aliyeitoa ghalani mbovu akamkabidhi.

Basi sheria inasemaje? Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, ina mafungu mawili ya mauaji. Kuua kwa kukusudia, ambako adhabu yake ni kunyongwa. Na kuua bila kukusudia, ambako adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, na humo ndani umo pia uzembe mkubwa wa mtu aliyekuwa na wajibu wa kulinda uhai. Wengi wetu tunafikiri kukusudia maana yake ni kuamka asubuhi ukasema leo namuua fulani. Wapi! Kifungu cha 200 kinasema nia ovu ipo pia pale mtu anapojua kuwa tendo lake huenda likaleta kifo au dhara kubwa, hata kama hajali litaleta au halitaleta, hata kama anatamani lisilete. Rudia hiyo kichwani, waitu. Anayefyatua risasi kwenye kundi la watu huku akiomba Mungu isimpate mtu, maombi yake peke yake hayamwokoi.

Na nia haipimwi kwa kumpasua mtu kichwa ukachungulia. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai namba 150 ya mwaka 1994, iliorodhesha vitu vya kutazama: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji kabla ya tendo, wakati wake au baada yake, na mwenendo wake kabla na baada. Hiyo ni rula, na rula haijui magwanda.

Tuichukue rula hiyo twende nayo Nyololo, wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012. Chadema wanafungua tawi. Polisi wamezuia mikusanyiko, sababu waliyotoa ni sensa iliyokuwa imeongezewa siku. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa chama cha waandishi wa habari cha mkoa wa Iringa, yuko kazini na kamera. Hakuwa na jiwe wala panga. Picha zilizopigwa siku ile zimezunguka dunia, na mimi naikumbuka moja kila nikishika kalamu: askari wamemzunguka, yuko chini kabisa, na mmoja ameelekeza tumboni kwake bunduki ya mabomu ya machozi. Bomu likafyatuliwa. Sitaeleza mwili wake ulibaki vipi, maana ana familia.

Sasa elewa kitu kuhusu silaha ile. Bunduki ya bomu la machozi imetengenezwa kurusha mkebe mbali, ukaanguke chini uvuje moshi ili watu wakimbie. Hata kwa umbali wa mita kadhaa, mkebe ukimpiga mtu moja kwa moja unaweza kumuua. Ukiisogeza mpaka igusane na mwili wa mtu, si bomu la machozi tena, ni mzinga. Askari yeyote aliyefundishwa kuishika analijua hilo, na kama halijui, basi aliyempa bila kumfundisha ana deni.

Askari mmoja wa cheo cha konstebo, Pacificius Cleophace Simon, akafikishwa mahakamani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Kesi ikaenda karibu miaka minne. Julai 2016 Mahakama Kuu ikiwa Iringa, mbele ya Jaji Paul Kihwelo, ikamtia hatiani, lakini kwa kuua bila kukusudia. Miaka 15 jela.

Kuna watu walishangilia, kwa sababu askari kufungwa kwa kumuua mwandishi si habari ya kila siku hapa kwetu. Kuna wengine walisonya. Mimi sibishani na jaji, aliusikia ushahidi na mimi sikuusikia. Lakini nikiiweka ile rula juu ya ile picha, moyo wangu unagoma. Silaha: nzito. Sehemu ya mwili: tumbo. Umbali: hakuna. Aliyelengwa: kashazingirwa, hana pa kukimbilia. Na kinachoniuma zaidi ya miaka 15 ni hiki: askari walikuwa kundi, maofisa wakiwa palepale, kizimbani akasimama mmoja, mwenye cheo cha chini. Nani alisema mzungukeni? Nani alisimama na nyota begani asiseme acha? Kidole kilikuwa kimoja, sawa. Je, mdomo uliokaa kimya haukuwa na wajibu?

Haya, toka Iringa uje Dar es Salaam, Februari 16, 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa ubunge Kinondoni. Wafuasi wa Chadema wanaandamana kudai hati za mawakala wao, polisi wanafyatua risasi kuwatawanya. Ndani ya daladala inayopita kuna mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini. Haandamani. Anakwenda kwenye shughuli zake za chuo kama wewe unavyokwenda zako. Risasi ikaingia kwenye daladala, ikampata kichwani, akafa.

Polisi wakasema askari sita wanashikiliwa. Tukangoja. Aprili ya mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka akasema jalada limefungwa, haikuweza kujulikana nani hasa aliyefyatua risasi ile. Viongozi wa Chadema ndio waliopelekwa mahakamani, wakahukumiwa Machi 2020 kulipa faini kubwa, na Mahakama Kuu ikaja kuifuta hukumu hiyo mwaka 2021.

Ndugu yangu, hapa nataka utulie. Askari wetu hatoki nyumbani na bunduki kama unavyotoka na mwavuli. Bunduki inakaa ghala la silaha la kituo. Ina namba iliyogongwa kwenye chuma. Inatoka kwa saini kwenye kitabu: namba ya bunduki, jina la askari, idadi ya risasi. Jioni inarudi kwa saini: bunduki hii, risasi zilizobaki kadhaa. Aliyechukua 30 akarudisha 27, tatu zimekwenda wapi? Ajibu. Juu ya hapo, ganda la risasi hubaki na alama ya pini ya bunduki iliyoipiga, na kichwa cha risasi hubaki na michirizi ya ndani ya mtutu. Ni kweli risasi ikipita mwilini ikapotea barabarani, au ikisambaratika, mtaalamu wa silaha hana cha kulinganisha. Lakini kitabu cha ghala hakisambaratiki! Ndiyo maana nasema "hatujui nani alifyatua" haiwezi kuwa mwisho wa sentensi. Kama kweli kitabu hakisemi, basi kitabu chenyewe ni kosa, na kina mtunzaji mwenye jina na mshahara.

Na ile hadithi ya "tulipiga hewani"? Hewani hakuna shimo la kupokea risasi. Risasi ya SMG inatoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde, mara mbili ya kasi ya sauti, kwa hiyo aliyepigwa hakuusikia mlio kwanza. Ikirushwa kwa pembe inaweza kwenda zaidi ya kilometa mbili. Inaanguka kwenye bati la nani? Barabara ya mjini yenye daladala, wauza mihogo na watoto wa shule si uwanja wa shabaha. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinataka askari atumie silaha ya moto pale tu uhai uko hatarini, atoe onyo kwanza, na kila nchi iwe na utaratibu wa kutunza na kugawa silaha ili kila askari awajibike kwa ile aliyopewa. Hiyo ni miaka mingi kabla Akwilina hajazaliwa.

Nisije nikaonekana nawachukia polisi. Yule wa kwenye basi alikuwa kijana kama sisi, pengine alikesha lindoni siku mbili, hajala. Julai 2015 watu wenye silaha walivamia kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua watu saba, wanne wao askari, wakabeba bunduki. Askari ana sababu ya kuogopa, nami namwelewa. Lakini mwenye hofu na usingizi ndiye hasa hapaswi kuwa na risasi chemba katikati ya abiria. Aliyempanga zamu vile naye tumtaje.

Waingereza, ambao ndio walituachia sheria hizi, waliliona hilo kwa namna yao. Julai 22, 2005, polisi wa London walimpiga risasi ndani ya treni, stesheni ya Stockwell, fundi umeme wa Kibrazili, Jean Charles de Menezes, wakimdhania gaidi. Hakuna askari aliyeshtakiwa, na mimi hilo silisifu. Ila mwaka 2007 jeshi lenyewe la polisi, kama taasisi, lilitiwa hatiani kwa kuvunja sheria ya afya na usalama kazini, likatozwa faini pauni 175,000. Yaani mahakama ilisema uzembe haukuwa wa kidole tu, ulikuwa wa ofisi. Jirani zetu Wakenya nao waliunda kwa sheria ya mwaka 2011 mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, IPOA. Polisi wa Kenya hawakugeuka malaika. Lakini muuza barakoa Boniface Kariuki alipopigwa risasi kichwani Nairobi, Juni 17, 2025, mbele ya kamera, askari alishtakiwa kwa mauaji ndani ya wiki chache. Huku kwetu ukipigwa risasi na polisi, fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali unaipata wapi? Polisi! Anayeandika maelezo yako? Polisi. Anayepeleleza? Nawaachieni mcheke.

Najua mnasubiri niseme kuhusu Oktoba 29, 2025. Nitasema kidogo, kwa sababu kila mmoja hapa ana simu na ameona alichokiona mtandao uliporudi. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema taarifa zinaonyesha mamia ya watu waliuawa. Novemba Rais akaunda tume, mwenyekiti akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume si mpya kwetu. Baada ya Pemba na Unguja, Januari 2001, iliundwa ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ikahesabu waliokufa 31, wakati Human Rights Watch walisema si chini ya 35. Kuhesabu maiti ni kazi muhimu, ila mimi ningeomba tume yoyote iniletee hesabu nyingine: vitabu vya maghala ya silaha vya siku zile, risasi zilizotoka na risasi zilizorudi, kituo kwa kituo. Hapo utajua ni bahati mbaya ngapi zilitokea kwa siku moja.

Baada ya mada kukawa na maswali. Dogo mmoja anayeendesha bodaboda ya kukodi akauliza: "Kaka, sasa sisi tufanyeje? Maana wewe umeongea vitabu, sisi tunakutana nao njia panda."

Nikamjibu hivi. Ukiona mtutu, usibishane nao, lala chini au ondoka, shujaa aliyekufa hatoi ushahidi. Ukishakuwa salama, andika: saa ngapi, gari namba gani, askari wangapi, alisimama wapi aliyefyatua, umbali kama kutoka hapa mpaka wapi, alisema nini kabla na baada. Rula ya mahakama imejengwa na vitu hivyohivyo. Maganda ya risasi usiyaokote ukaweka mfukoni, yapige picha yalipolala, maana SMG hutupia maganda upande wa kulia na mahali yalipo panaonyesha alikosimama. Nguo za aliyepigwa zisifuliwe. Jina la daktari aliyempokea liwekwe. Na ndugu wa marehemu wajue ipo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, hakimu anaweza kukaa kama korona na kuwaita mashahidi. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, malalamiko ni bure.

Mwingine akaropoka kutoka nyuma: "Na yule askari wa kwenye basi, mlichukua namba yake?"

Hapana. Basi zima hakuna aliyechukua. Hata yule mzee. Tulifika Kahama, askari akateremka, akatupungia mkono, na mama yangu akamnunulia mahindi ya kuchoma.

Nilikuwa nataka kujibu na la tatu, lakini mvua ya Bukoba haina ratiba, watu wakakimbilia chini ya bati na wengine wakawasha pikipiki.